Rangi ya Alhamisi

Jumatatu mfereji ulikuwa mwekundu.
Jumatano ulikuwa wa zambarau, na Alhamisi,
siku ya oda ya sare za shule,
ulishuka buluu tupu kuelekea Themi,
ukapinda kwenye bustani ya Mama Ndelilio
ukanywesha mchicha wake bila kubisha hodi.

Hakuhitaji kalenda.
Alichungulia maji akajua kiwandani tunapika nini.
"Leo kijani," alimwambia mwanawe, "ziba mfereji,
kijani kinaunguza miche. Nyekundu ina nafuu."
Miaka kumi na minne alikisoma hivyo
kitabu tulichokuwa tukikiandika sisi
bila kujua kina msomaji.

Mimi Aikande, fundi wa maabara.
Ada ya shule ya wadogo zangu ilitoka kwenye rangi hiyohiyo.
Khanga ina jina lake pindoni,
inamsuta jirani, inamshukuru mama.
Maji yaliyoisuuza hayakuandikwa neno.

Tulianza na bilauri sita dirishani.
Asidi kwanza, tone kwa tone,
mpaka karatasi ya kupimia iseme tatu.
Kisha chumvi ya chuma, punje za kijani
kama chupa iliyopondwa.
Kisha peroksaidi, ileile ya saluni za Kaloleni,
ila yetu ni kali, inang'ata hata kupitia glavu.

Hapo usipepese.
Chuma kinaichokoza peroksaidi, nayo inapasuka,
na katika mpasuko huo kinazaliwa kitu
kisichoishi hata muda wa kutajwa jina,
chenye njaa, kisichochagua,
kinachouma fundo la rangi
pale nitrojeni mbili zimeshikana mikono,
kikauma, kikauma, mpaka zikaachana.

Buluu ikawa kijivu.
Kijivu kikawa chai ya rangi.
Chai ikapauka.
Dakika ya arobaini niliinua bilauri
nikauona mlima Meru ndani yake, kichwa chini,
na shati la Lomayani wa mabomba likikauka kwenye waya.
Nilipiga vigelegele peke yangu, kama mwehu.

Chokaa ikafuata. Kutu ikazama chini,
tope jekundu, magunia mawili kwa siku.
(Magunia yako nyuma ya bohari. Usiniulize bado.)

Mama Ndelilio aliitwa getini aone.
Nikamkabidhi jagi. Akaligeuza juani.
"Iko wapi?"
Rangi? Imekatika, mama.
"Imekatika, imekwenda wapi?"
Vipande vidogo, nikasema, havionekani.
Akaliweka jagi chini, taratibu,
kama mtu anayerudisha mtoto asiye wake.

"Zamani adui alivaa sare.
Kwa sare yake nilimkwepa.
Sasa umemvua, kachanganyika na wapita njia.
Nitamjuaje?"

Nilikuwa na jibu. Lilikuwa na desimali.
Halikupita kooni.

Basi nikachukua sahani mbili na pamba,
maharage kumi huku, maharage kumi kule,
maji ya bomba huku, maji yetu kule.
Siku ya tano ya bomba yameota tisa.
Yetu sita.
Mama akayahesabu kwa kidole gumba, mara mbili.
"Sita," akasema. Hakucheka, hakununa.

Mhasibu naye alikuja na karatasi ya bei ya peroksaidi.
"Maji yameshang'aa, Aikande. Unatafuta nini tena?"

Natafuta manne.

Leo Alhamisi. Sare za shule zimepikwa,
mfereji umeteremka mweupe kama wa mlimani,
na Mama Ndelilio ameuziba vilevile,
amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasubiri.
Nimeongeza muda. Sasa dakika tisini.
Maharage kumi mengine yako dirishani chini ya kitambaa.
Sijayafunua.